Kijana wako mwenye ulemavu anakaribia miaka 18 huku England: mwongozo wa mzazi, hatua kwa hatua

Wazazi wenzangu mlioko England, hii ni yenu hasa, nyie wenye kijana mwenye usonji au mtindio wa ubongo au ulemavu wa akili au wowote ule, ambaye sa hivi ana miaka 13 mpaka 17 na bado yuko huduma za watoto. Scotland, Wales na Northern Ireland wana sheria zao na majina yao ya fomu, kwa hiyo ukiwa Glasgow au Cardiff chukua wazo tu, fomu kaulizie huko huko. Mimi nafanya kazi ya kea na vijana wa umri huu, naingia majumbani, nakaa kwenye mitingi, na kwa familia zetu za Kiswahili kuna kitu kinajirudia mpaka nimechoka kukiona: soshowaka anakuja kufanya asesimenti, mama kashapika chai, sebule imepigwa deki inang'aa, kijana kavalishwa shati la Idi, mgeni anauliza mnaendeleaje, mama anajibu "tunamshukuru Mungu, tunajitahidi, tunamudu". Soshowaka anaandika kwenye laptop yake: familia inamudu. Imeisha hiyo. Jibu la heshima limeshageuka ushahidi kwamba kijana hahitaji kitu.

Kwa hiyo huu mwongozo una jambo moja tu, hayo mengine yote ni namna ya kulifanya: mpango uanzie kwa kijana mwenyewe, anavyotaka kuishi na anavyosaidiwa kweli kweli kila siku, na uandikwe, manake huku kisichoandikwa hakipo.

Kabla ya hatua zenyewe jua kinachobadilika. Akiwa mtoto ana daktari wake wa watoto anayemjua tangu mdogo, ana shule, ana basi linampitia mlangoni, ana soshowaka wa watoto kama mmebahatika. Akigonga 18 hivyo vyote vinasambaratika kila kimoja na njia yake. Sheria inakuwa Care Act ya 2014, idara nyingine ya kaunsili, madaktari wa hospitali ni wapya na kila mmoja anashika kiungo chake, pesa zinahesabiwa upya, na kubwa kuliko yote, kisheria wewe mzazi sio msemaji wake tena. Na hamna mtu anayekupigia simu kukwambia hongera tumeshahamisha faili. Ukikaa kimya faili linakaa kimya pia.

Hatua ya 1: Anza akiwa Year 9, usingoje 17

Kijana mwenye EHCP, ule mpango wa elimu, afya na kea, ana mkutano wa mapitio kila mwaka shuleni. Kuanzia Year 9, yaani miaka 13 au 14, ule mkutano lazima uongelee maandalizi ya utu uzima: kazi, makazi, marafiki na maisha ya mtaani, na afya. Ukienda ukaona wanaongea hesabu na kusoma tu, nyoosha mkono uulize hayo manne yako wapi, hauwaombi fadhila hapo. Na EHCP yenyewe inaweza kuendelea mpaka miaka 25 kama bado anasoma au yuko kwenye mafunzo, kwa hiyo mtu akikwambia inakufa akifika 18 mwambie akasome Children and Families Act ya 2014 vizuri.

Hapo hapo omba jina la mtu mmoja wa kuratibu uhamisho. Mwongozo wa NICE (taasisi inayotoa miongozo ya afya na kea) wa 2016 kuhusu vijana wanaohama huduma unasema kijana awe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, wa kumsindikiza angalau miezi 6 kabla ya kuhama na miezi 6 baada. Anaweza kuwa nesi, soshowaka, mtu wa shule, yeyote ambaye kijana anamwamini. Sehemu nyingi hutapewa usipouliza, kwa hiyo uliza, tena kwa imeili.

Hatua ya 2: Karatasi moja inayomhusu yeye

Hii ndo silaha yako na haina gharama. Ukurasa mmoja, vichwa vitatu: watu wanapenda nini kwangu, nini ni muhimu kwangu, na namna nzuri ya kunisapoti. Imeandikwa kwa "mimi", kwa sauti ya kijana, na picha yake nzuri juu. Huku England mpango wa namna hii uliingia kwenye sera ya serikali tangu 2001, kwenye ule waraka wao wa Valuing People, kwa hiyo hakuna soshowaka atakayeshangaa ukimpa.

Watu wengi wanaiharibu kwa kuandika maneno ya jumla. "Anapenda muziki." Nani hapendi muziki? Andika: "Asubuhi nataka taarabu ya bibi kwa sauti ya chini kabla sijaguswa na mtu, bila hivyo sivai." "Nikisema maji mara mbili mbili nina maana nataka kutoka nje, sina kiu." "Usinishike bega kutoka nyuma." "Nakula kwa mkono, uji wa moto siutaki, samaki atolewe miba yote." Ukishaandika hivyo hata mhudumu wa siku ya kwanza aliyetumwa na ajensi saa kumi na mbili asubuhi anajua pa kuanzia.

Na tafadhali msiache mambo yetu. Wahudumu wengi hapa hawajui nywele za Kiafrika, nimeshakuta kijana wa kike anaoshwa nywele kwa shampuu kila siku kama mzungu mpaka nywele zinakatika, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya, hawakuambiwa tu. Andika mafuta gani, anasukwa kila baada ya muda gani na nani, ngozi inapakwa nini baada ya kuoga. Andika halali kama ni halali, kufunga Ramadhani kama anafunga na daktari kasemaje, kanisa Jumapili kama ni kanisa. Andika anataka kuogeshwa na mwanamke au mwanaume. Na lugha: vijana wetu wengi nyumbani wanaelewa Kiswahili na shuleni Kiingereza, mtu wa shule anaandika "hana maneno" wakati kwa nyanya yake kwenye simu anajibu vizuri tu. Hiyo iwekwe wazi, maneno gani anayo kwa lugha gani.

Kama haongei kabisa usiseme basi tutaandika sisi. Mpige video fupi fupi kwenye simu, akifurahi, akikataa, akichoka. Tumia picha, tumia ishara za Makaton kama shule inatumia, muwekee vitu viwili mbele uone anashika kipi. Mtu anayegeuza uso akiona basi la senta na anayekimbilia kiatu akiona mfuko wa kuogelea kashakwambia anataka nini, wewe kazi yako ni kuandika tarehe na kilichotokea. Ushahidi wa namna hii kwenye mkutano una nguvu kuliko mzazi kusema "mimi namjua".

Hatua ya 3: Kusanya watu wake

Kuna kitu wanaita duara la sapoti. Kilipata jina Canada karibu mwaka 1980, marafiki wa Judith Snow, mwanamke mwenye ulemavu mkubwa wa mwili, walipokaa pamoja wakapambana mpaka akatoka kwenye taasisi na kuishi kwake. Sisi huku tuna shangazi, wajomba, binamu, mama wa kanisani, jirani wa zamani, ila tatizo tunawaita kwenye harusi na msiba, kwenye hili tunajifungia kwa sababu ya aibu. Hebu acheni. Waite watano sita, pika pilau, kijana awepo na yeye ndo achague nani aalikwe na nani asialikwe (ndio, hata kama kamkataa mjomba aliyelipa nauli yenu, mheshimu). Swali la kikao liwe moja: maisha mazuri kwake miaka 5 ijayo yanafananaje? Alafu rudini nyuma, ili afike huko mwakani iwe nini, mwezi ujao iwe nini, nani anafanya.

Msikimbilie kusema haiwezekani. Akisema anataka kuendesha basi, sawa, uliza anapenda nini kwenye basi, pengine ni yunifomu, pengine ni kujua njia zote kwa namba, na mtu anayejua njia zote kwa namba kuna kazi anaifaa.

Hatua ya 4: Omba asesimenti ya uhamisho kwa maandishi

Care Act kifungu cha 58 kinasema kaunsili lazima ifanye asesimenti kwa mtoto ambaye huenda atahitaji kea baada ya 18, pale ambapo kuifanya kutakuwa na faida kubwa kwake. Sheria haijataja umri. Wengi inafaa kati ya 16 na 17, ila kama atamaliza shule mapema au atahitaji nyumba yenye marekebisho omba mapema zaidi. Tuma imeili kwa huduma za watu wazima za kaunsili yako, sio simu, simu haina kumbukumbu. Andika hivi tu: naomba asesimenti ya mahitaji ya mtoto chini ya kifungu cha 58 cha Care Act 2014, jina, tarehe ya kuzaliwa, ulemavu, shule, na kwamba tunahitaji mkalimani wa Kiswahili kama mnahitaji. Wakikataa lazima wakupe sababu kwa maandishi. Na wewe mwenyewe una haki ya asesimenti yako kama mlezi, ipo kwenye sheria hiyo hiyo, kifungu cha 60, ombeni zote mbili kwenye imeili moja.

Kingine ambacho wazazi hawaambiwi: kama siku ya birthday ya 18 imefika na asesimenti haijaisha, kaunsili hairuhusiwi kukata huduma za watoto alizokuwa anapata mpaka watoe uamuzi. Ukipata barua inayosema huduma zinakoma kwa sababu tu kafikisha miaka, jibu siku hiyo hiyo.

Mkalimani msimtumie dada yake wa miaka 12. Kwanza mtoto hapaswi kutafsiri habari za choo na kuoga za kaka yake mbele ya wageni, pili anatafsiri anavyoona inafaa.

Hatua ya 5: Siku yenyewe ya asesimenti

Hapa nakaa kidogo manake hapa ndo mahali masaa ya kusaidiwa yanapatikana au yanapotea.

Kuna maeneo kumi wanayoangalia, na kijana anafuzu kama hawezi mawili au zaidi kwa sababu ya ulemavu wake na hilo linaathiri sana ustawi wake. Ni kula vizuri, usafi wa mwili, choo, kuvaa, kutumia nyumba kwa usalama, kutunza nyumba, kuwa na mahusiano ya familia na marafiki, kazi au masomo au kujitolea, kutumia huduma za mtaani kama basi na maduka na burudani, na kulea mtoto kama anaye. Mawili kati ya kumi. Wazazi wengi wakisikia hivyo wanashangaa, wao walifikiri lazima mtu awe kitandani.

Na neno "hawezi" kwenye kanuni zao lina maana pana kuliko tunavyolitumia sisi. Anahesabiwa hawezi kama anaweza ila kwa kusaidiwa. Anahesabiwa hawezi kama anaweza mwenyewe ila inamletea maumivu au wasiwasi mkubwa, au inahatarisha usalama wake au wa wengine, au inamchukua muda mrefu kupita kawaida. Sasa msikilize mama: "Kuvaa anavaa mwenyewe, tunashukuru." Kweli anavaa. Ila mama kampangia nguo kitandani kwa mstari, kamkumbusha mara nane, kamgeuzia fulana iliyovaliwa kinyumenyume, na imechukua dakika 50. Hiyo kwa sheria ni hawezi. Mama hajadanganya, amezoea tu, kwake yeye hiyo ni asubuhi ya kawaida.

Kwa hiyo wiki mbili kabla weka daftari jikoni. Kila unachomfanyia andika, na saa. Umeamka usiku mara ngapi. Umekata nyama. Umesimama nje ya mlango wa choo. Umemzuia asitoke barabarani. Umemwambia "sema asante" na "vuta pumzi" na "weka simu chini". Hata ule ulinzi wa kukaa sebuleni usilale mpaka alale ni kea hiyo, andika. Kaunsili inatakiwa kuangalia mahitaji ya kijana kwanza kana kwamba wewe haupo, alafu ndo waulize wewe uko tayari kuendelea kufanya yapi na unaweza yapi. Uko tayari, sio unalazimika. Una haki ya kusema nataka kuendelea kumpikia ila kumuogesha mwanangu wa kiume wa miaka 18 hapana, mgongo wangu na heshima yake vyote vimekataa.

Najua inauma kusema mabaya ya mtoto wako mbele ya mgeni, tena akiwa amekaa hapo hapo anasikia. Ndo maana ule ukurasa wa hatua ya 2 unatangulia: mpe kijana aanze kwa kuonyesha picha zake na anachopenda, wafahamiane, alafu mambo mazito ya mwili ombeni yaongelewe pembeni au myawasilishe kwa maandishi. Na muda wake upangwe anavyoweza yeye, kama baada ya dakika 20 anachoka basi waje mara tatu. Kama ana shida kubwa kuelewa au kueleza na hakuna mtu anayefaa kumsaidia kushiriki, kaunsili lazima imtafutie mtetezi wa kujitegemea (wanamwita advocate, sio mwanasheria) wa kusimama naye, bure. Ombeni pia pale ambapo mzazi na kijana mnataka vitu tofauti, inatokea, sio laana.

Ukipata ripoti soma kila mstari. Ukikuta "anajitegemea kwenye usafi" na si kweli, irudishe na kurasa za daftari lako.

Hatua ya 6: Nani anaamua

Hapa wazee wetu wanakasirika, na nawaelewa. Nyumbani mtoto ni wa wazazi na ukoo mpaka aoe, na mwenye ulemavu ndo hata zaidi. Huku Mental Capacity Act ya 2005 inaanza kumhusu akiwa na miaka 16. Inasema kila mtu achukuliwe kwamba anaweza kuamua mpaka ithibitishwe hawezi, asaidiwe kwa kila njia kabla ya kusema hawezi, na kufanya uamuzi ambao wengine wanauona wa kijinga sio ushahidi kwamba hawezi. Na uwezo unapimwa kwa kila uamuzi peke yake. Kijana anaweza kuamua avae nini, ale nini, aende na nani kuogelea, na asiweze kuamua kuhusu opareshini au mkataba wa nyumba. Hakuna cheti cha "hana akili" cha mara moja kwa maisha yote.

Kwa yale asiyoweza, uamuzi unafanywa kwa maslahi yake, na wewe familia lazima uulizwe maoni, ila kuulizwa na kuamua ni vitu viwili. Ukitaka mamlaka ya kisheria unaomba udeputi, yaani kuruhusiwa kuamua kwa niaba yake, kwenye Court of Protection, mahakama ya wasioweza kuamua wenyewe, ada ipo na muda unakwenda, na kwa familia nyingi ambazo kijana ana benefiti tu haina haja: kupokea na kusimamia benefiti zake unaomba DWP, idara ya serikali ya benefiti, wakuandikishe kama appointee, inatosha. Udeputi unakuja kama ana pesa nyingine, mfano fidia ya hospitali au urithi. Kama kijana mwenyewe anaelewa, akishafika 18 anaweza kukupa lasting power of attorney, hati ya kukuruhusu uamue kwa niaba yake, kwa hiari yake, na hiyo ni rahisi zaidi.

Na niseme hili manake kwenye jamii yetu linaongelewa chini chini: ile habari ya "tumuozeshe apate mtu wa kumtunza". Hapa mtu ambaye hana uwezo wa kukubali ndoa, kumuozesha ni kosa la jinai tangu sheria ya 2014, hata kama hakuna aliyemlazimisha na hata akionekana anafurahia nguo na ngoma. Kumpeleka Tanga au Mombasa kufungia ndoa huko haikuondolei kosa. Ila kijana anayeelewa ndoa ni nini na anataka, hiyo ni haki yake kama yeyote, na hapo mpango uandike atasaidiwaje kukutana na watu, manake anayesaidiwa kila kitu isipokuwa kupata rafiki anaishia kukaa na wahudumu wanaolipwa tu.

Hatua ya 7: Pesa

DLA ya mtoto, ile benefiti ya ulemavu, inaisha 16 na anatakiwa kuomba PIP, ambayo ndo ya wakubwa. Fomu ikija una mwezi mmoja kuirudisha, na kanuni ni zile zile za daftari: hesabu kama anafanya kitu kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kila anapohitaji, na kwa muda wa kawaida. Usiache barua ya DWP kwenye droo, PIP ikikosekana na Carer's Allowance yako, benefiti ya mlezi, inaondoka nayo.

Kabla kijana hajaomba Universal Credit (benefiti ya wenye kipato kidogo) yake mwenyewe pata mtu wa kukupigia hesabu ya nyumba nzima, Citizens Advice wanafanya bure. Akiomba yake, Child Benefit na sehemu yake kwenye Universal Credit yako vinakatwa. Mara nyingi bado inalipa, lakini sio kila mara.

Kea ya watu wazima, tofauti na NHS, inachajiwa. Wanaangalia pesa za kijana tu, za mzazi haziguswi. Akiwa na akiba zaidi ya pauni 23,250 atajilipia mwenyewe, chini ya pauni 14,250 akiba haihesabiwi. Sehemu ya PIP ya maisha ya kila siku inaweza kuhesabiwa kama mapato, ya usafiri hairuhusiwi kuguswa, na mshahara wa kazi pia hawauhesabu. Gharama za ulemavu zinapunguza chaji: mashine ya kufua inayozunguka usiku kucha, umeme, nepi za ziada, vyakula maalumu. Weka risiti. Na kama babu anataka kumwandikia kiwanja au pesa, kaoneni mwanasheria wa trasti (mfuko unaosimamiwa na wengine kwa ajili yake) kwanza, kwa jina lake moja kwa moja inaweza kumharibia, manake inaweza kuhesabiwa kama akiba yake.

Wenye viza zilizoandikwa hakuna haki ya pesa za umma: DLA na PIP ni pesa za umma, usijaze kabla ya kuongea na mwanasheria wa uhamiaji. Ila elimu, EHCP na kea ya kaunsili hazimo kwenye ile orodha, kwa hiyo usiogope kuomba asesimenti kwa kudhani itaua viza yako. Na PIP ikishapatikana, safari ya nyumbani ikizidi wiki 13 inaweza kusimama.

Hatua ya 8: Afya

Nenda kwa GP uhakikishe yupo kwenye rejista ya wenye ulemavu wa akili. Kuanzia miaka 14 walioko humo wanapata chekapu ya kila mwaka, bure na ndefu. Usonji peke yake bila ulemavu wa akili kwa kawaida haumwingizi, lakini uliza. Mwambie daktari wa watoto akuandikie barua moja yenye historia yote, dawa na dozi, na kila idara anamkabidhi nani kwa jina. Mwenye mahitaji makubwa ya kitabibu, kifafa kisichotulia, mrija wa chakula, mashine ya kupumulia, muulizie NHS Continuing Healthcare, ambayo inalipia kea yote bila kuangalia akiba. Utaratibu wao unasema wamtambue akiwa 14, wampeleke kuchunguzwa 16, na uamuzi wa awali uwepo akiwa 17. Usikubali kuanza kuulizia wiki ya birthday.

Hatua ya 9: Ataishi wapi na mchana anafanya nini

Anza na mchana, manake nyumba nzuri bila cha kufanya ni jela yenye tivii. Wenye EHCP wa miaka 16 mpaka 24 wanaweza kupata intanshipu yenye sapoti, wanakaa muda mwingi kazini kwenyewe na kocha wa kazi, na akipata ajira kuna Access to Work inayolipia msaada kazini. Mwingine hatafanya kazi ya mshahara, sawa, basi iwe bustani, kuogelea, kwaya, na aende mahali ambapo watu wanamjua jina.

Makazi chaguo ni kukaa nyumbani na wahudumu wanaokuja, Shared Lives ambapo anaishi na familia nyingine iliyopitishwa na kulipwa, nyumba yake ya kupanga yenye sapoti, au nyumba ya kea. Kwenye nyumba ya kupanga, mkataba wa nyumba na mkataba wa sapoti ni vitu viwili, wahudumu wakiwa wabaya unabadilisha wahudumu na kijana anabaki kwake. Sisi tunapenda akae nyumbani, na hakuna ubaya, ila aulizwe. Na mwende mkaone, yeye akiwepo, jioni wakati wa chakula sio saa nne asubuhi walipojipanga.

Bajeti yake, yaani pesa za kea alizopangiwa na kaunsili, anaweza kuichukua mkononi kama Direct Payment na kuajiri mtu mwenyewe. Kwa familia zetu hii ni nzuri sana, unaweza kupata mtu anayeongea Kiswahili na anayejua kusuka. Ndugu anayeishi nyumba moja naye kwa kawaida hawezi kulipwa mpaka kaunsili ikubali kwamba ni lazima, lakini shangazi anayeishi mtaa wa pili anaweza. Jua tu unakuwa mwajiri: bima, kodi, likizo. Kuna huduma za kufanya malipo ya mishahara, ziombe ziingizwe kwenye bajeti.

Hatua ya 10: Akishahama

Miezi ya kwanza wahudumu wapya waingie wakiwa na yule mzoefu, wasianze peke yao siku ya Jumatatu. Mpango unatakiwa kupitiwa baada ya wiki 6 mpaka 8 hivi na baadaye angalau kila mwaka, na unaweza kuomba mapitio wakati wowote mambo yakibadilika. Kwenye mapitio uliza vitu vidogo: kaenda wapi wiki hii, na nani, nani alichagua. Ule ukurasa wake uandikwe upya, wa miaka 14 haumfai wa 19.

Mambo yakigoma, kwenye EHCP kuna SENDIASS ya eneo lenu, ushauri bure, na baada ya hapo tribunali. Kwenye kea unapeleka malalamiko kaunsili kwa maandishi, wakikujibu vibaya au wakinyamaza unakwenda kwa Local Government and Social Care Ombudsman, bure, hauhitaji mwanasheria, unahitaji tu zile imeili na lile daftari la jikoni lenye tarehe.